Kurudi kwenye kiti cha baiskeli baada ya kuondolewa tezi dume

Daktari wa upasuaji alipokwisha kunieleza kwamba saratani ilikuwa bado imo ndani ya tezi dume, na kwamba tezi yote ingeondolewa, nilimuuliza ni lini nitapanda tena baiskeli. Najua yapo maswali mazito zaidi ambayo mwanamume angepaswa kuyatanguliza. Alichukua kalamu, akachora kibofu, akachora tezi chini yake, na mrija wa mkojo ukipenya katikati ya tezi kama uzi ndani ya ushanga. Kisha akapiga mstari mzito chini ya vyote hivyo, akasema, "Na hapa ndipo kilipo kiti chako."

Watu wengi husema fulani "ana tezi dume" kana kwamba hilo ni jina la ugonjwa, ilhali kila mwanamume huzaliwa nayo. Mimi sasa ndiye nisiye nayo. Katika upasuaji wa aina niliyofanyiwa, tezi huondolewa pamoja na vifuko vya shahawa vilivyo nyuma yake, kisha shingo ya kibofu huvutwa chini na kushonwa na kipande cha mrija kilichobaki. Tumboni nilibaki na matundu sita madogo ambayo baada ya wiki chache yalikuwa yamefunga vizuri, na ndiyo yaliyonidanganya. Mshono wenye maana hauonekani, kwa kuwa uko ndani, juu kidogo ya msamba, yaani pale pale ambapo mwendesha baiskeli asiye mwangalifu huweka uzito wake.

Mpira wa mkojo ulitolewa siku ya 10. Niliruhusiwa kutembea tangu mwanzo, nikakatazwa kunyanyua vitu vizito, na kufikia wiki ya nne nilikuwa natembea saa nzima bila kuhema. Miguu ilikuwa tayari, na pumzi pia. Kwa hiyo katika wiki ya tano, nyumba ikiwa tupu, niliiegemeza baiskeli ukutani nikaipanda, nikijiambia kwamba nakaa tu, siendeshi. Nilihisi kana kwamba nimekalia limau. Hapakuwa na maumivu makali, ila kulikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu, na sekunde 30 zilinitosha kabisa. Niliponyanyua mguu ili nishuke, mkojo ukanitoka, si matone bali mkondo mfupi ulioishinda pedi na kufika hadi kwenye soksi. Nilipangusa sakafu kabla mke wangu hajarudi, na jioni nikamwambia yote, kwa sababu soksi moja iliyoanikwa peke yake ilikwisha nisaliti.

Tukio hilo lilinifunza jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote: kwa upande wangu, mkojo haukuvuja wakati wa kukanyaga pedali, ulivuja wakati wa kupanda na kushuka. Tezi inapoondolewa, sehemu ya ule mfumo wa kuzuia mkojo huondoka nayo, na kazi kubwa huangukia misuli ya chini ya nyonga, ile unayoikaza unapojizuia kwa pamoja usikojoe na usitoe upepo. Mazoezi yake yalipata umaarufu kupitia Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani, aliyeandika juu yake mwaka 1948 akiwafikiria akina mama waliojifungua. Leo wanaume tuliopasuliwa tunayategemea vilevile. Unakaza, unahesabu hadi kumi ukiwa unapumua kama kawaida, kisha unalegeza kabisa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinisisitizia huko kulegeza kuliko kukaza, akisema kwamba msuli uliokakamaa muda wote huchoka na kukuangusha saa unapouhitaji. Nilianza kukaza kabla ya kuinua mguu, si baada yake. Pia niliacha kuurusha mguu juu ya kiti kama kijana: nailaza baiskeli ubavuni, nalivuka fremu, kisha naiinua. Haipendezi machoni, lakini soksi zimebaki kavu.

Kiti ndicho kilichonichukulia muda mwingi kuliko yote. Uzito wa mtu aliyekaa sawasawa hubebwa na ile mifupa miwili ya makalio unayoweza kuigusa ukikalia viganja vyako. Kiti kikiwa chembamba mno, au ncha yake ya mbele ikiwa imeinuka, uzito huhamia katikati, kwenye msamba, na hapo ndipo unapopita mshipa wa fahamu na mishipa ya damu inayohudumia uume. Ganzi ambayo waendesha baiskeli wengi huifanyia mzaha ni dalili kwamba njia hiyo imebanwa. Nami niliifanyia mzaha kwa miaka mingi, jambo ambalo sasa naliona ni upuuzi. Mwaka 2009 taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayoshughulikia afya na usalama kazini, ilichapisha ushauri kwamba wanaoendesha baiskeli kikazi, kama vile askari polisi, watumie viti visivyo na ncha ya mbele ili kuepuka ganzi hiyo.

Mimi nilikijaribu kiti cha namna hiyo nikashindwa, maana nilizoea kuielekeza baiskeli kwa mapaja pia, na bila ile ncha nilijiona naelea. Nilichofanya ni kukalia kipande cha boksi gumu kilichowekwa juu ya stuli, nikapima umbali kati ya mabonde mawili yaliyobaki, na nikagundua kwamba kiti changu cha siku zote kilikuwa chembamba kwangu tangu siku nilipokinunua. Nilichukua kipana zaidi chenye uwazi katikati, nikaishusha ncha yake kidogo sana, kisha nikaupandisha usukani sentimita tatu ili nisiiname mbele. Kuishusha ncha kupita kiasi nako ni kosa, kwa kuwa mwili huteleza mbele na mikono ikabeba mzigo wote.

Kuhusu muda, madaktari hutofautiana: wapo wanaoruhusu baada ya wiki sita, na wapo wanaotaka miezi mitatu itimie, kwa hiyo wa kumsikiliza ni yule aliyeshika kisu. Wangu aliniruhusu wiki ya tisa, kwenye stendi ya ndani ya nyumba, ile inayoishikilia baiskeli isisogee, dakika kumi tu. Nilikuwa nikisimama juu ya pedali kila baada ya dakika chache, na kila nikimaliza nilitazama rangi ya mkojo, kwani damu ingekuwa amri ya kuacha na kumpigia simu. Aliyekwanguliwa tezi kupitia njia ya mkojo kwa sababu ya uvimbe wa kawaida, usio wa saratani, ana safari nyingine, na asijilinganishe na mimi. Yeye hana mshono wa kungoja uunge, lakini magamba ya kidonda chake yanaweza kubanduka wiki ya pili hivi na kuleta damu upya, hata kama amekwisha jiona mzima.

Barabarani nilitoka wiki ya 12, nikiwa tayari nimepata kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, kilichoonyesha chini ya 0.1. Nilichagua njia tambarare yenye vyoo viwili, nikabeba pedi mbili ndani ya mfuko wa chini ya kiti. Pedi iliyoloa ndani ya kaptura yenye sponji huchubua ngozi vibaya, kwa hiyo niliibadilisha nusu ya njia ingawa ilikuwa na unyevu mdogo tu. Niliendesha dakika 40. Kwenye kimlima cha mwisho nilisimama juu ya pedali bila kufikiri, nikakaza bila kufikiri, na nilipofika juu ndipo nilipogundua kwamba nimefanya yote mawili.

Lile limau bado lipo, ila limekuwa dogo kama kokwa ya zaituni, na hulikumbuka baada ya saa moja hivi ya kukaa. Mwezi ujao nitaushusha usukani sentimita moja, nione litasemaje.