Kwa Mama Mkwe wa Malkia, Mlima wa Mizeituni

Kuushuka Mlima wa Mizeituni ni kazi ya magoti kuliko ya imani. Njia ni nyembamba, kuta za mawe kushoto na kulia, na chini pamesuguliwa na nyayo za mahujaji hadi panateleza. Shangazi, aliyeshavuka miaka sabini, alining'ang'ania mkono akitembea upande kama kaa.

Ratiba ya kundi letu ilitaja Gethsemane tu. Kanisa la Warusi la Maria Magdalena, lile lenye kuba saba za dhahabu, niliongeza mimi kwa kumsumbua kiongozi wetu tangu Bethlehemu. Hufunguliwa siku chache za wiki, tena kwa saa chache, na bahati siku yetu iliangukia humo.

Langoni suruali yangu ikawa kesi. Shangazi hakubishana na mtu. Alifungua mkoba, akatoa doti yake ya khanga, kipande kimoja akajitanda kichwani, cha pili akanifunga kiunoni mbele ya watu kama mtoto anayepelekwa kuoga. Mtawa akatupisha.

"Haya, huyo unayemtafuta ni nani?" akaniuliza tukiwa kwenye ngazi.

"Unamkumbuka Philip, mume wa Malkia Elizabeth?"

"Nitamsahauje? Si ndiye aliyekuja kutukabidhi uhuru?" Usiku ule wa Desemba 1961 Shangazi alikuwa uwanjani Dar es Salaam, juu ya mabega ya babu. Anakiri aliona migongo ya watu tu.

"Basi mama yake mzazi kazikwa hapa."

Akasimama. "Huku? Kwani kwao hapakuwa na mahali?"

Kwao ni wapi, ndilo swali lenyewe. Binti mfalme Alice wa Battenberg alizaliwa mwaka 1885 katika kasri la Windsor, kitukuu cha Malkia Victoria. Alizaliwa kiziwi, akajifunza kusoma midomo, na si kwa lugha moja. Mwaka 1903 aliolewa na Andrew, mtoto wa mfalme wa Ugiriki, wakapata mabinti wanne, kisha Philip mwaka 1921 kisiwani Corfu. Mwaka uliofuata familia ikafukuzwa nchini. Mwaka 1930 akili ilimyumba, akapelekwa hospitali Uswisi, na Philip, hajatimiza miaka tisa, akaangukia mikononi mwa bibi na wajomba Uingereza. Mabinti wote waliolewa Ujerumani. Mmoja, Cecilie, aliangamia na mumewe na watoto katika ajali ya ndege mwaka 1937. Vita vilipokuja, mwana alikuwa jeshi la majini la Uingereza, wakwe upande wa Hitler. Mama alikuwa Athens, peke yake.

Humo Athens ndimo alimoificha nyumbani kwake familia ya Kiyahudi ya mjane Rachel Cohen. Wanausalama wa Kijerumani walipomhoji, aliutumia uziwi wake: akajifanya haelewi wanachouliza.

Shangazi alisikiliza yote hayo, lakini kilichomtuliza ni hesabu ya ukoo. Kanisa hili, nikamwambia, Tsar Alexander III, mfalme wa Urusi, alilijenga kumkumbuka mama yake, na huyo mama ni dada wa babu mzaa baba wa Alice. Ndani, kwenye jeneza la marumaru, yumo Elisabeth, mama mdogo wa Alice: alifiwa na mume kwa bomu, akawa mtawa Moscow, na mwaka 1918 akatupwa hai kwenye shimo la mgodi. Mwili wake ulizungushwa hadi Beijing kabla ya kufika hapa mwaka 1921. Alice naye alivaa utawa uzeeni, akataka alazwe karibu naye.

"Ah," Shangazi akasema. "Kaja kwa mama mdogo. Sasa nimeelewa."

Inasimuliwa kwamba binti wa Alice alilalamika kaburi litakuwa mbali mno kutembelewa, naye akajibu asilete upuuzi, mabasi yapo. Alifariki Desemba 1969 katika kasri la Buckingham, akasubiri Windsor hadi 1988 ndipo akaletwa. Philip alifika mwaka 1994, Yad Vashem, taasisi ya hapa Yerusalemu inayowakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, ilipomuenzi mama yake kwa ajili ya akina Cohen, akapanda mti.

Chumba cha kaburi la Alice kiko chini ya kanisa, nasi hatukushushwa. Tulisimama juu, kwenye harufu ya ubani na nta, kiongozi akitazama saa. Shangazi akainama kidogo, akasema na sakafu: "Shikamoo, mama. Mwanao tulimpokea vizuri."

Nikamnong'oneza kwamba huyu hakusikia hata alipokuwa hai.

"Si umesema anasoma midomo?" akanijibu, akairudia salamu yake polepole.