Nilivyopungua bila kuacha mahamri

Kwetu Lamu kufunga si jambo geni. Ramadhani ipo, Jumatatu na Alhamisi zipo, na wengine huongeza tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi wa Kiislamu. Hata hivyo uzito wangu ulipanda tu, na Ramadhani ndipo ulipozidi. Ukishinda na njaa kisha ukafuturu kwa kaimati, sambusa, tambi za sukari na viazi vya nazi, na daku juu yake, utapungua vipi?

Huu mpango wa kula ndani ya saa 8 za siku na kupumzisha tumbo saa 16 zilizobaki ulinivutia kwa kuwa maji yanaruhusiwa, na kahawa tungu pia, mradi isitiwe sukari. Wengi huacha chakula cha asubuhi. Mimi nisingeweza. Mahamri nakaanga mwenyewe alfajiri, mbaazi zinatokota kando, na kukaa mbele ya karai ile bila kuonja ni kujitesa bure. Nikaacha cha usiku. Naanza kula saa mbili asubuhi, saa kumi jioni nimemaliza.

Njaa niliizoea upesi. Kazi ilikuwa watu. Mama mkwe aliponiona napakua wali kisha sikai, aliniuliza, "Kwani huli, mwanangu? Nani kakuudhi?" Siku hizi nakaa nao na kikombe changu cha kahawa, maneno yamekwisha. Biriani ya harusi nayo siikatai. Kesho yake narudi kwenye saa zangu.

Kilo za mwanzo zilitoka mbio, ila nyingi zilikuwa maji: wanga uliowekwa akiba kwenye ini na misuli hushikana na maji, ukitumika nayo yanatoka. Baadaye ikawa polepole. Hakuna uchawi hapa. Anayefunga hivi na anayepunguza sahani kila mlo hupungua karibu sawa. Mimi naona afadhali kufunga mdomo mapema kuliko kupima wali kila siku.

Dada yangu alitaka kunifuata, nikamzuia. Ana kisukari na anadunga insulini, na kudunga bila kula kunaweza kushusha sukari mpaka mtu akazimia. Alikwenda kwa daktari, akapangiwa milo yake mwenyewe. Wajawazito na wanaonyonyesha nao waulize kwanza.