Swali la pasipoti limenikuta Spalding badala ya Doha

Juzi kazini tuliletewa mkaguzi wa hali za wafanyakazi. Nipo Spalding, Lincolnshire, Uingereza, kwenye ghala la kufungia maua, na shifti hiyo tulikuwa na mawaridi ya Naivasha. Bei ya shada moja huku siitaji, mtasema naongopa.

Nikaitwa ofisini, mlango ukafungwa, mkaguzi mwenyewe, mama mmoja mpole, akaniuliza: pasipoti yako unakaa nayo mwenyewe? Kuna mtu ulimlipa ndio ukapata kazi hii? Ukitaka kuacha kazi, unaweza? Nikajibu kwa adabu, nikarudi kwenye laini, na hasira ikanipandia pale pale katikati ya maua. Maswali hayo nilikuwa na majibu yake nilipokuwa Doha, Qatar, nikifanya ulinzi, na huko hakuna aliyeniuliza.

Wanaonijua wanaijua habari hii. Wakala wa Mombasa alichukua shilingi 140,000. Baba aliweka rehani minazi ya Kaloleni, zilizopungua mama akazitoa kwenye chama. Mkataba niliosoma nyumbani ulisema riyal 1,400. Nilipofika nikawekewa mwingine mezani, mshahara umeshuka, na nikatia sahihi kwa sababu minazi ilishakuwa mikononi mwa mwenye pesa. Pasipoti zikakusanywa "zisije zikapotea", ilhali sheria ya Qatar ya 2015 inamkataza mwajiri kukaa nazo. Karibu mwaka mzima wa kwanza nilikuwa nasimama mlangoni mwa hoteli nikilipa deni, si nikijenga.

Na hoteli ile ukiiuliza, haina kosa. Si yeye aliyeniajiri. Ilinunua ulinzi kwa kampuni, kampuni ikaagiza watu kwa wakala, wakala akawapata kupitia jamaa wa mtaani aliyekuja kwetu akanywa chai na kuitwa mwanangu. Kila mmoja ana risiti zake safi. Deni peke yake ndilo lililopita kwa wote bila kuandikwa popote, likatua kwangu. Watu wakisikia utumwa wa kisasa wanafikiria minyororo na vyumba vya giza. Mimi nilikuwa na sare iliyopigwa pasi.

Huku nilikuja kwa viza ya mke wangu, ambaye ni muuguzi, na nikisema ukweli kazi hii sikutoa hata peni kuipata. Kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi ni marufuku Uingereza. Anayepeleka vibarua mashambani na kwenye maghala ya kufungia mazao lazima awe na leseni, na leseni hiyo ilizaliwa na msiba: Februari 2004, Wachina wasiopungua 21 walizama Morecambe Bay wakiokota kombe usiku, maji yakajaa wakiwa mbali na nchi kavu. Malipo ya chini kisheria ya saa moja ya kazi yalipandishwa hadi paundi 12.21 Aprili 2025. Pigeni hesabu wenyewe, mtaelewa mbona watu wanauza shamba.

Lakini mkaguzi alikuja kwa miadi. Sakafu ilisuguliwa tangu jana yake, glavu mpya zikagawiwa, hata sabuni ya chooni siku hiyo ilinukia. Wale wanaosafisha mashine usiku hawakuitwa. Wanaletwa na gari la mtu aliyepewa kazi na mtu mwingine, wanalala wanne chumba kimoja, nauli na kodi vinakatwa kabla mshahara haujawafikia. Kwenye orodha ya ghala hawamo.

Sheria ya Uingereza ya utumwa wa kisasa, ya 2015, inadai kampuni yenye mauzo ya kuanzia paundi milioni 36 kwa mwaka itoe taarifa ya hatua ilizochukua, kwake na kwa wanaoiuzia. Vizuri. Ila sheria hiyo hiyo inairuhusu kuandika kwamba haijachukua hatua yoyote, na ikishaandika hivyo imetii. Jamani! Kanjo, askari wa kaunti, pale Mombasa hata mama wa mahamri hamwachi hivyo.

Ninachokiamini mimi ni mzigo kuzuiwa usiingie nchini. Mwaka 2020 Marekani ilizuia glavu za kampuni ya Top Glove ya Malaysia kwa sababu ya kazi ya kulazimishwa. Wafanyakazi wake wengi walikuwa Wabangladeshi na Wanepali walioingia kwa madeni ya mawakala kama langu. Hadi kizuizi kinaondolewa Septemba 2021, wafanyakazi walikuwa wamelipwa fidia ya zaidi ya dola milioni 30, ada walizotoa kwao zikiwamo. Walirudishiwa pesa! Bango la kupinga utumwa lililobandikwa chooni lingewafikisha hapo lini?

Nayaandika haya kwa sababu mpwa wangu wa Kisauni ameambiwa atoe laki mbili apewe sponsa, yaani udhamini wa viza, ya kulea wazee Uingereza. Nikamwambia njia ya kuajiri walezi kutoka nje ilifungwa tarehe 22 Julai 2025, hiyo ni sponsa hewa. Dada yangu amenuna. Eti mimi nimeshavuka, sasa sitaki wenzangu wavuke. Dada, nakupenda, lakini minazi ya nani itawekwa rehani safari hii?

Mwenye kwenda Ghuba, nenda, sikuzuii, kuna waliokwenda wakajenga. Wakala mtafute kwanza kwenye orodha ya NEA, mamlaka ya ajira ya Kenya, umkute kwa jina lile lile lililo kwenye kibao cha ofisi yake. Mkataba upige picha umtumie mtu wa nyumbani kabla ya kupanda ndege, ukiwekewa mwingine kule pawe na wa kulinganisha. Pasipoti ipige picha pia. Na pesa yoyote utakayoombwa, hata ya "faili", dai risiti yenye jina la kampuni na muhuri. Mpwa wangu aliomba risiti hiyo Jumatatu. Wakala hajapokea simu tangu hapo.