Jinsi Nilivyookoa Chesisi ya Land Rover ya Baba

Land Rover ya baba yangu, pikapu ya Series III yenye inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, ilifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kwa miaka mingi kabla ya kuletwa Dodoma, na nilipokabidhiwa mimi ilikuwa imeegeshwa chini ya mgunga nyuma ya nyumba yetu Chang'ombe, matairi yote yakiwa chini. Kwa juu ilionekana nzima. Magari ya aina hiyo, yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, yana bodi ya aloi ya alumini ambayo hailiwi na kutu kama chuma, ilhali chesisi inayoibeba bodi hiyo ni ya chuma. Isitoshe, chesisi yenyewe ina mbavu mbili ndefu zinazotoka mbele hadi nyuma, na kila ubavu umeundwa kwa pleti nne zilizochomelewa pembeni zikawa boksi refu lenye uwazi ndani. Matope na unyevu wa chumvi wa pwani vikishaingia humo havitoki kwa urahisi, na kutu huanzia ndani, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki.

Nilimwita fundi mmoja mzee wa Kizota aje alikague. Hakuja na kifaa kingine zaidi ya nyundo ndogo na bisibisi. Aliingia uvunguni, akaanza kugonga chesisi taratibu kutoka mbele kwenda nyuma, huku akinitaka nisikilize: chuma kizima kilitoa mlio mkali, na kilichooza kilitoa mlio mzito kama wa debe lililojaa mchanga. Karibu na vishikio vya springi za nyuma bisibisi ilizama hadi mpini. Chuma cha nyuma kinachoziunganisha mbavu mbili za chesisi kilikuwa kimebaki ganda.

"Mwanangu," aliniambia, "hapa kuna kiraka juu ya kiraka, na chini ya vyote hakuna chuma."

Alisema kweli. Miaka ya nyuma gereji fulani ilikuwa imechomelea vipande vya bati juu ya kutu bila kuikata, na kati ya bati jipya na chuma cha zamani maji yalipata maficho mazuri kuliko mwanzo. Kazi ile iliniuma, kwa sababu baba alikuwa ameilipia akiamini gari lake limepona.

Uingereza bado kuna watu wanaotengeneza chesisi mpya za magari haya, zilizozamishwa katika zinki, lakini gharama ya kuinunua na kuisafirisha ilikuwa juu ya uwezo wangu. Tena namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma cha mbele, upande wa kulia, ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, na sikutaka kuipoteza. Nikaamua kukata kilichooza na kuacha kilichokuwa kizima.

Tulianza mwezi Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Tulitoa tangi la mafuta na betri, tukashusha bodi ya nyuma, kisha tukaiweka chesisi juu ya stendi nne na kuisawazisha kwa pimamaji. Hapo ndipo nilipofanya kosa lililonigharimu wiki nzima: kwa haraka yangu nilikata kile chuma cha nyuma kabla fundi hajafika. Mbavu zile mbili, zilipokosa cha kuzishika, zilijivuta, na tulipopima kwa futi kutoka kwenye boliti ya springi ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha mshazari wa pili, vipimo vilitofautiana kwa milimita 8. Gari lenye chesisi ya namna hiyo huenda upandeupande barabarani na kula matairi. Ilibidi tuzirudishe mbavu kwa jeki na mnyororo, kidogo kidogo, hadi mishazari ikalingana, ndipo tukachomelea paipu za mraba kwa muda ili zishikane. Tangu siku hiyo sikukata kipande chochote kabla ya kukifunga pande zote na kuandika vipimo vyake.

Pleti tuliyotumia ilikuwa ya milimita 2, sawa na chuma cha asili. Nilikuwa nimependekeza nene zaidi, lakini fundi alikataa, akanieleza kwamba pleti nene ikikutana na nyembamba chesisi haipindi kwa usawa, na ufa huanzia kwenye maungio. Kwa sababu hiyo hiyo hatukukata viraka kwa mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini; tulivikata kwa mshazari, pembe zake tukazizungusha, na kila kimoja kilivuka kutu hadi kwenye chuma kilichong'aa baada ya kupitishwa grenda.

Mwezi Julai upepo wa Dodoma ulitusumbua sana. Mashine ya kuchomelea kwa waya unaokingwa na gesi (MIG) ilitoa maungio yenye vitundu kama sifongo, kwa kuwa upepo uliipeperusha gesi kabla haijakinga chuma kilichoyeyuka. Tulizungushia turubai, lakini haikutosha, hivyo tukarudi kwenye rodi za kawaida za milimita 2.5. Tulichomelea kipande kifupi upande mmoja, tukahamia upande wa pili, tukasubiri kipoe, kisha tukapima tena mishazari. Kazi ilienda polepole, lakini chesisi haikupinda tena.

Baada ya kuziba boksi la mwisho tulitoboa matundu ya kutolea maji sehemu za chini, tukapaka nje rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, na ndani tukapuliza nta iliyoyeyushwa kwa mafuta, tukihakikisha inafika kila kona. Wengi humwaga oili chafu. Mimi naipendelea nta kwa kuwa haichuruziki upesi wakati wa jua kali.

Pikapu ilirudi barabarani mwezi Oktoba. Mwezi Machi uliofuata, baada ya kubeba mahindi kutoka Kibaigwa siku ya mvua kubwa, niliingia uvunguni na tochi. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye kila tundu, na yalikuwa meupe, hayana rangi ya kutu.