Tarehe kwenye chupa

"Na mimi je, umeniandika wapi?"

Tangu Jumanne neno hili linanizunguka kama mbu aliyeingia chandaruani. Wiki yenyewe haikuwa ndogo: wifi kaposwa, ofisini tumehamishwa tena, kitindamimba kang'oka jino la kwanza. Mimi niko palepale jikoni, chupa saba mbele yangu, kalamu mkononi, na mavyaa kasimama mlangoni.

Nilikuwa nafunga kasha la dawa za Takwa, ile safari yetu ya Desemba, ya kwenda kulala na watoto wote kwenye magofu ya kale ya kisiwa cha Manda, Lamu. Kila chupa naibandika karatasi: mti gani, sehemu gani ya mti, siku ilipotengenezwa, siku ya kumwagwa. Mavyaa akatazama weee, kisha akasema, "Mwanangu, kumbe majani nayo yana umri?"

"Yana, mama. Yakizeeka hayafai kitu."

Akacheka. "Na mimi je, umeniandika wapi?" Akaenda zake kuswali Alasiri.

Jibu nimelipata leo, saa saba za usiku, wakati hakuna wa kumpa. Ningemwambia hivi: mama, chukua mafuta ya mwarobaini. Majani yanaanikwa kivulini mpaka ukiyasugua yavunjike kama karatasi. Gramu 50 za majani makavu, nusu lita ya mafuta ya nazi, bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, saa mbili au tatu, kisha unachuja kwa kitambaa chembamba. Ukiharakisha ukatia majani mabichi, maji yake yanatuama chini ya mafuta, na siku unayoyahitaji unafungua chupa unapokewa na ukungu. Hata yakitoka vizuri, joto letu hili linayavundisha kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo maana ya tarehe. Tena kwa safari sibebi mafuta matupu, maana ya nazi huku hayagandi na chupa ikilala ndani ya mashua kila kitu kinanuka mwarobaini. Gramu 20 za nta ya nyuki kwa gramu 100 za mafuta, inakuwa marhamu ya kupaka kwenye mikwaruzo na alipouma mbu. Ya kupaka tu. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Jina la mti huo limewapotosha wengi: eti magonjwa arubaini! Mtoto akipata homa anapimwa malaria, hachemshiwi majani.

Shubiri siiandiki tarehe kwa sababu siiweki chupani. Nabeba jani zima. Ukilikata, lisimamishe robo saa, upande uliokatwa uwe chini, ule utomvu wa manjano utoke, kwani huo ukimezwa ni haluli kali. Na aliyeungua anamwagiwa kwanza maji baridi dakika 20, shubiri baadaye. Dawa ya meno na samli zibaki nyumbani.

Asali ni ya vidonda vidogo na kikohozi, ila asiyetimiza mwaka mmoja halambi hata kidogo. Karafuu nzima ya kubana kwenye jino linalouma, si mafuta yake, maana matone machache tu yanaweza kumdhuru mtoto. Sukari na chumvi napima nyumbani: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kikopo kimoja kwa lita 1 ya maji safi. Kijiko cha kusawazisha, si cha kulundika, kwa sababu chumvi ikizidi unamdhuru mwenye kuhara. Yakishachanganywa, ya leo ni ya leo.

Kitu ninachokitegemea zaidi Takwa wala si mti. Ni themosi ya maji moto. Aliyechomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, au aliyekanyaga miiba miambani, mguu unatiwa kwenye maji yenye joto la kuvumilika, yasizidi nyuzi 45, dakika 30 mpaka 90. Yajaribiwe kwa mguu usioumia, kwa sababu wenye maumivu hauhisi sawasawa na utababuka. Mashua huingia Takwa kwa kijito cha mikoko, na maji yakishatoka mnangoja yajae, na kati ya kupwa na kujaa ni saa sita. Kasha lote hili ni la saa sita hizo. La nyoka halimo. Aliyeumwa anatulizwa, kiungo kinafungwa kigango kwa leso kisitikisike, hachanjwi, hafungwi kamba ya kukaza, na nahodha anapigiwa simu hapohapo.

Hapo ndipo nilipomaliza hotuba yangu kichwani, nikafungua kopo la tangawizi ya kichefuchefu cha mashua. Tarehe yangu inasema nzuri mpaka Juni. Nikanusa. Vumbi tu. Ilisagwa, na iliyosagwa hupoteza harufu upesi, najua vizuri kabisa, ningebeba vipande vizima. Mavyaa alikuwa ameliinua kopo hilohilo Jumanne, akalipeleka puani, akalirudisha asiseme neno.

Nikatoa karatasi ya ndani ya kifuniko, ile ya majina ya wasafiri: umri, uzito, nani ana pumu, nani hapatani na kamba wa baharini. Watoto wote wamo. Mimi nimo, baba watoto yumo. Mavyaa, anayemeza vidonge vya presha kila asubuhi, na ambaye amekuja nasi Takwa mara tatu, hayumo.

Kumbe alikuwa anauliza.

Nimemwandika juu kabisa, vidonge na saa zake. Umri nimeacha wazi. Kitambulisho kinasema tarehe 1 Januari, na mwenyewe husema alizaliwa wakati wa kusi, upepo wa katikati ya mwaka.

Sasa nilale. Ila maji ya kisima tangu jana yameanza kuwa na ladha ya chumvi, na wageni wa posa wanafika Ijumaa.