Odi zao zilikuwa ngapi, anko?

Chuo Kikuu cha Indiana ndio mabingwa wa vyuo Marekani, kwenye futiboli yao, ule mpira wa kofia ngumu. Indiana! Aliyewahi kuishi Bloomington, mji wa chuo hicho, miaka yetu ile atajua kwa nini nalirudia jina. Kile kilikuwa chuo cha mpira wa kikapu. Ule wa kofia ngumu tulikuwa tunauendea kuchoma nyama kwenye maegesho, na wengine hata ndani hatuingii, maana unajua kinachoendelea huko: kichapo. Hadi msimu wa 2025 unaanza, hakuna timu ya daraja la juu iliyokuwa imefungwa mechi nyingi kama yetu, zaidi ya 700.

Mwishoni mwa 2023, msimu wa kushinda mechi 3 na kufungwa 9, akaletwa kocha Curt Cignetti. Akasema yeye ni mtu wa kushinda, asiyeamini amtafute Google. Tukacheka. Msimu wake wa kwanza, ushindi 11. Wa pili, mechi 16 ushindi 16: Alabama kala 38-3, Oregon 56-22, fainali Miami 27-21 kwenye uwanja wanaoutumia wenyewe. Jaribio la nne, likishindikana mpira unaenda kwa wapinzani, robo ya mwisho, kila mtu anasubiri teke la pointi tatu. Cignetti akagoma. Fernando Mendoza, mpiga pasi wetu mkuu, akaushika mpira akakimbia nao mwenyewe, akagongwa, akazunguka, akajirusha mzima mzima kwenye mstari wa kufungia. Huku Magomeni ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, nakodolea simu, bando linapukutika. Nilivyopiga kelele, mama akaamka akijua tumevamiwa.

Kulipokucha nikavaa jezi ya Indiana, nikashuka kijiweni. Nyekundu na nyeupe, basi nikawa Simba. Mzee mmoja wa Yanga, aliyekuwa akinipeleka Uwanja wa Taifa nikiwa mtoto, akahamisha kikombe chake cha kahawa. Hilo ni la kwetu, nilikuwa nimelimisi.

Vijana ndio walionimaliza. Hawana timu! Kijana kavaa jezi ya Arsenal, Arsenal inafungwa, yeye anaruka kwa furaha kwa sababu mkeka wake wa kubeti unataka timu zote zifunge. Mwenzake anashangilia kona. Kona, jamani, ya ligi ya Uturuki, na hawezi kukutajia mchezaji hata mmoja pale uwanjani. Sisi tulibishana mpaka kahawa inapoa, mtu ananuniwa wiki nzima kwa penalti. Sasa hivi kila anayeketi anaulizwa umeweka ngapi, mkeka ukichanika wanatukana, wanahamia mechi nyingine.

Nikampa mpwa wangu mkasa wote, kuanzia zile nyama za maegesho mpaka Mendoza. Alisikiliza kimya, macho kwangu, nikasema huyu nimempata.

"Msimu unaanza, odi zao zilikuwa ngapi, anko?"

Nikamwambia nafasi hawakupewa na mtu. Akafungua kikokotoo, akazidisha, akanigeuzia simu. Ilikuwa hela ya kiwanja, labda na msingi juu yake. "Anko, ulikuwa kule kule, na hukuweka hata buku?"

Nilicheka sana. Jioni dada akaniambia ada ya chuo cha ufundi niliyokuwa namtumia kijana kila muhula haikuwa inafika chuoni. Nimebeba maboksi baridi lile, theluji hadi magotini, kumbe nafadhili kona za Uturuki.

Basi wewe unayefungasha kurudi nyumbani: ada lipa mwenyewe benki, kwenye akaunti ya chuo, picha ya risiti usiipokee hata kwa mtoto wa ndugu yako wa tumbo moja. Jezi nyekundu usiivae mbele ya wazee kabla hujasalimia. Na shangwe zako za huko zimalizie huko, hapa zitaulizwa bei.

Mimi nimeshindwa kuzimaliza. Septemba mabingwa wanaanza kutetea kombe, na mpwa ameomba tuangalie wote. Nimemwambia aje na risiti, yenye mhuri wa benki.