Nyumba ya mawe ya Moshi: isome kwanza, ndipo uite fundi

Nyumba za mwanzoni mwa karne iliyopita zilizobaki Moshi mjini na kwenye mashamba ya kahawa ya jirani zinaharibiwa na ukarabati kuliko uzee. Familia inachanga, mifuko ya saruji inanunuliwa, lipu mpya inapigwa mpaka inang'aa, na baada ya misimu miwili ya masika ukuta uliosimama miaka mia unaanza kumomonyoka kuanzia chini. Kabla ya kutoa hata shilingi, jua nyumba ilijengwa lini na kwa vitu gani.

Kipimo cha kwanza ni reli. Njia ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji wenyewe ukashuka kutoka Old Moshi kuifuata stesheni. Kabla ya hapo vitu vizito vilikuwa taabu kuvifikisha huku, hivyo mjenzi alitegemea mawe ya volkano, udongo, chokaa na mbao za msitu wa mlimani. Baada ya hapo mabati, vioo na saruji ya kutoka nje vikawa rahisi kuletwa. Ukikuta kipande cha reli kimelazwa juu ya mlango kama linta, kikwangue kutu ubavuni: mara nyingi kuna jina la kiwanda na mwaka. Huo ni mwaka wa chuma, si wa nyumba, kwa kuwa kipande kama hicho huenda kilitumika njiani kwanza. Ila hakuna namna linta hiyo ikawa ya kabla yake.

Karatasi nazo zina safari ndefu. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, na mali za Wajerumani zikashikwa kama mali za adui na kuuzwa baada ya vita. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja ulifutwa ukawa upangaji wa miaka 99 kutoka serikalini, na mwaka 1969 huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki tunayoijua leo. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1990 yakaenda Shirika la Nyumba. Kwa hiyo hati ikianza ghafla katikati, usidhani nyumba ilijengwa hapo. Fuatilia namba ya kiwanja kurudi nyuma, hatua kwa hatua.

Sasa ukuta, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Unene wake mara nyingi ni sentimita 45 hadi 60: mawe pande mbili, kokoto na udongo katikati. Bandua kipande kidogo cha udongo wa kati ya mawe ukitie kwenye glasi ya maji. Kikiyeyuka ndani ya dakika chache, ni udongo mtupu. Kikibaki kizima lakini msumari unakikwangua kwa urahisi, ni chokaa. Kikikataa msumari, kuna mtu alishapita na saruji.

Ukuta wa udongo na chokaa hupandisha unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia lipu yake laini. Ukiufunika kwa saruji, maji hayapati pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, na yakikauka yanaacha chumvi nyuma ya lipu. Chumvi ikiganda inatanuka, lipu inaachana na jiwe. Gonga kwa kifundo cha kidole: ukisikia mlio wa tupu, tayari imeshaachia. Kupiga saruji nyingine juu yake ni kuongeza tatizo, na inasikitisha kuona mafundi hodari wakilipwa kufanya hivyo.

Bandua saruji yote iliyolegea, kwa patasi na mkono mwepesi, maana nyundo nzito inang'oa na jiwe. Halafu chimba udongo uliojaa kuzunguka nyumba mpaka uso wa ardhi uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 au 20. Uache ukuta ukauke kiangazi kizima ikiwezekana.

Chokaa ya mfuko iloweke kwenye maji angalau siku moja, ikikaa wiki kadhaa ni bora zaidi, mpaka iwe laini kama siagi. Ukipata chokaa mbichi ya tanuru, tia chokaa kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Inachemka na kuruka, na ikiingia jichoni inapofua. Changanya ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga mkali uliooshwa. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi milimita 10, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole, na jua la Moshi likiikausha haraka inabaki unga. Mwisho paka chokaa nyembamba mara tatu au nne. Rangi ya plastiki inaziba ukuta kama saruji tu.

Linta ya chuma ikiwa na kutu, ufa utauona umelala mlalo juu ya dirisha, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo. Kuziba ufa hakusaidii. Fungua, egemeza ukuta kwa nguzo, safisha chuma au kibadilishe.

Bati la zamani ni nene kuliko mengi ya madukani leo, usilitupe kwa sababu ya kutu ya juu juu. Misumari ipigwe mgongoni mwa bati, si bondeni maji yanakopita. Na rangi kuukuu ya milango usiipige msasa ikiwa kavu: huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Ilowanishe kwanza.

Usitegemee sheria ikuzuie wala ikusaidie: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Nyumba ya 1912 inahitaji tangazo la waziri, kwa hiyo piga picha kila chumba, pima kuta na uandike mchoro kabla fundi hajapandisha ngazi.